Malambo ya watu binafsi yasimamiwe, yasiachwe kiholela

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie malambo madogo ya udongo ambayo baadhi ya wakulima na wafugaji wa tambarare za Moshi na Arusha huyachimba katika mashamba yao. Lambo hukinga maji ya masika ambayo yangeteremka bondeni na udongo wa juu, na kiangazi kinapokaza hunywesha mifugo na kumwagilia bustani. Wapare walilijua hilo zamani kwa ndiva zao, yaani mabwawa madogo ya kienyeji, ambazo hujazwa usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu, na kwa maoni yangu zamu hiyo ina thamani kuliko hata tuta lenyewe linalozuia maji.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji ni mali ya umma hata yakiwa ndani ya uzio wa mtu, na kuyazuia kwa bwawa kunahitaji kibali. Naiomba Bodi ya Maji Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako hapa Moshi, iwafuate wenye malambo vijijini pamoja na wataalamu wake, kwa sababu mtu anaweza kushindilia tuta vizuri lakini akaacha utoro, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi, mwembamba mno, na maji yakipita juu ya tuta la udongo hulikata upesi na kumwangukia jirani wa chini. Kibali kitolewe baada ya utoro kukaguliwa, na jirani huyo asikilizwe kabla ya kuchimba kuanza.

Mkulima,
Moshi Vijijini