Kabla hujanunua ruta ya intaneti ya nyumbani, tupime mawimbi kwako

Wateja wengi wakiingia dukani kwetu wanaanza na swali moja: "Hii ruta inakimbia Mbps ngapi?" (yaani megabiti ngapi kwa sekunde). Kasi iliyoandikwa kwenye boksi ni kikomo cha kifaa tu. Utakayoipata sebuleni inategemea mnara unaokuhudumia, kilichopo katikati ya nyumba yako na mnara huo, na watu wangapi wanautumia saa ile unayotaka kuangalia mpira. Hapa Dar es Salaam, ruta iliyomfurahisha mtu Sinza inaweza kumkera ndugu yake Kinyerezi, na wote wamelipia kifurushi kilekile.

Huduma yenyewe ni rahisi kuielewa. Mara nyingi faiba, yaani waya wa nyuzi za kioo unaobeba intaneti, inafika hadi mnarani, halafu kipande cha mwisho hadi kwako kinapita hewani. Ruta inashika mawimbi kama simu inavyoshika, kisha inakugawia Wi-Fi ndani. Hapa Tanzania jambo hili lilipata nguvu Vodacom ilipozindua 5G, kizazi cha tano cha mtandao wa simu, Septemba 2022. Mwezi uliofuata TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikapiga mnada masafa (njia za mawimbi ya redio) ya 700, 2300, 2600 na 3500 MHz, na mwaka 2023 Airtel nayo ikaingia kwenye 5G. Tangu hapo intaneti ya hewani imekuwa huduma ya nyumba nzima, tofauti na zamani ilipokuwa bando la simu la kuungaunga.

Namba hizo za masafa zinakuhusu wewe moja kwa moja. Mawimbi ya 700 MHz yanafika mbali na yanapenya ukuta, ila hayabebi data nyingi. Yale ya 3500 MHz, ambayo 5G hupenda kuyatumia, yanabeba mzigo mkubwa lakini yanachoka haraka: ukuta wa tofali la saruji unayapunguza, mwembe mkubwa unayapunguza, na bati linayarudisha yalikotoka. Nyumba zetu nyingi ni za bati, madirisha yana nondo, siku hizi na vioo vya giza. Halafu ruta inawekwa nyuma ya televisheni, chini, kwenye kona ya ndani kabisa. Tumeshaona nyumba ambazo kuhamishia ruta kwenye dirisha linaloelekea mnara kulimaliza malalamiko yote bila mteja kutoa hata shilingi. Ukitusikia tunakuuliza mnara uko upande gani, tunatafuta dirisha hilo.

Maeneo ya vilima kama Goba na Salasala yana tabu yake. Aliye juu anauona mnara kwa macho, jirani yake aliye bondeni hatua chache tu chini hapati kitu. Kwa huyo wa bondeni tunashauri kifaa cha nje: kinafungwa kwenye bomba la chuma juu ya paa, kikielekezwa mnarani, na waya mmoja unaleta data ndani na kupeleka umeme juu. Kinaongeza gharama ya kifaa na ya fundi, lakini kinalikwepa bati kabisa. Kampuni ya Jio ya India, ilipoanza kuuza AirFiber, intaneti yake ya nyumbani ya hewani, Septemba 2023, iliifanya antena ya nje kuwa sehemu ya huduma yenyewe. Tunaona walifanya jambo la busara sana, na tungefurahi kuona utaratibu huo ukizoeleka hapa.

Tunapokuja kupima tunaangalia vitu viwili kabla ya kasi. Kwanza nguvu ya mawimbi, inayopimwa kwa dBm na kuandikwa kwa namba hasi: ikiwa -85 dBm au karibu na hapo tunatabasamu, ikishuka chini ya -105 tunaanza kuzungumzia kifaa cha nje. Pili usafi wake, kipimo kinachoitwa SINR. Mawimbi yanaweza kuwa na nguvu lakini machafu, kwa sababu minara miwili inagombania eneo moja. Kipimo hicho kikiwa karibu na sifuri, hata ruta ya bei ghali haitakusaidia.

Kisha tunapima kasi, na tunaipima jioni. Hili hatulegezi. Kipimo cha saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini, kinadanganya. Mnara ni kama bomba la mtaa: saa mbili usiku kila nyumba imefungua, na presha inashuka. Ndugu mteja, ukiahidiwa Mbps 100 na mtu ambaye hajafika kwako usiku, usimpe hela.

Wala huhitaji namba kubwa kama unavyodhani. Netflix wanapendekeza Mbps 5 kwa picha safi ya kawaida na Mbps 15 kwa 4K. Familia yenye televisheni mbili na simu kadhaa inaishi vizuri na Mbps 25 zilizotulia, kuliko 120 za mchana zinazoporomoka hadi 3 wakati wa taarifa ya habari. Kinachosahaulika ni kasi ya kupandisha, yaani ya kutuma data kutoka kwako. Mtandao wa hewani hutenga nafasi kubwa kwa kushusha na ndogo kwa kupandisha, kwa hiyo mwalimu anayefundisha kwa video, au mtu wa kamera za ulinzi, atuambie mapema. Kamera zina jambo jingine tena: laini nyingi za aina hii hazikupi anwani ya intaneti ya kwako peke yako, kwa hiyo chagua kamera zinazopitia programu ya simu.

Mawakala na wenye nyumba za kupangisha wanatuuliza kama biashara hii ina mbele. Ina mbele kubwa. Duniani, takriban robo ya data yote inayopita kwenye mitandao ya simu sasa ni ya intaneti za nyumbani za aina hii. Huko Marekani T-Mobile walianza kuiuza rasmi Aprili 2021, na utaratibu wao ni kuuza pale tu ambapo mnara una nafasi iliyobaki. Nafasi ikijaa, mtu anasubiri foleni. Hapo ndipo mustakabali wa soko letu ulipo. Bunju, Chanika, Kigamboni, nyumba zinajengwa kwa kutawanyika na kuvuta faiba kwa kila mmoja ni kazi ya miaka. Ruta inawaka siku hiyohiyo. Lakini wakala anayeuza ruta kumi kwenye mtaa ambao mnara wake umeshachoka anawauzia watu kumi hasira, na hao watamwambia kila jirani kwamba huduma nzima ni mbovu. Tumewahi kumkatalia mteja aliyeshika pesa mkononi, na tutaendelea kufanya hivyo.

Kuhusu kukatika: ruta nyingi zinakula umeme mdogo wa volti 12, kwa hiyo betri ndogo ya akiba inakuvusha Luku ikiisha au umeme ukikatika mtaani. Tatizo likiwa baharini hatuna la kukufanyia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM, zinazoleta intaneti zikipita chini ya bahari, zilipokatika, hata wenye faiba walikaa wakisubiri.

Ukitutafuta, tuma lokesheni, picha ya paa lako, idadi ya watu ndani, na mnachofanya zaidi usiku. Tuulize pia kama ruta imefungwa kwenye mnara mmoja, maana baadhi ya vifurushi ukihama navyo havishiki. Na tukikuta nguzo ya faiba imeshasimama mtaani kwako, tutakuambia uvute faiba.