Tuache kuwahukumu waliochukuliwa na bahari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, najua nitaandika ndefu ila hili jambo limenikaa kifuani miaka mingi na juzi kidonda kimetoneshwa tena.

Kwenye grupu letu la WhatsApp la mtaani mtu katuma klipu ya tsunami, yale mawimbi makubwa yanayosukumwa na tetemeko la chini ya bahari, maji meusi yanasukuma magari na nyumba kama vifuu vya nazi, chini yake kaandika "Mungu hadhihakiwi, hawa walijisahau". Haikupita nusu saa komenti zimejaa, amina amina, huyu anasema ndo zile nchi zisizomjua Mungu, yule anasema ni dalili za mwisho, mwingine katuma picha ya maiti kabisa bila hata kuifunika. Hakuna hata mmoja aliyeuliza hiyo ni ya lini na ni ya wapi. Mjukuu wangu anayesoma sekondari akaiangalia akaniambia bibi hii ni ya Japani ya 2011, hata sio ya leo. Nikaweka simu chini, chakula chenyewe kikanishinda.

Nieleze kwa nini.

Tarehe 26 Desemba 2004 ilikuwa Jumapili, siku ya pili ya Krismasi, na mi nilikuwa na banda langu la mihogo na samaki wa kukaanga ufukweni hapa Dar. Watu walikuwa wengi, si unajua sikukuu, vijana wamekuja kuogelea, watoto na tyubu zao za magari. Ilikuwa bamvua, zile siku maji yanajaa na kupwa sana, mwezi mpevu, asubuhi maji yalikuwa yamepwa mbali kama kawaida ya bamvua na mchana yalitakiwa yarudi taratibu kama siku zote. Mchana huo hayakurudi taratibu. Yalijaa ndani ya dakika chache mpaka yakakaribia jiko langu, halafu yakageuka yakaondoka kwa kasi, mchanga ukabaki unatoa mapovu, mashua zilizokuwa zinaelea zikalala ubavu, samaki wadogo wanarukaruka kwenye matope. Yakaja tena yakazima mkaa wangu, yakaondoka tena. Kulikuwa na mzee mmoja mvuvi anashona nyavu chini ya mkungu, akasimama akasema "kupwa gani huku? Huku sio kupwa", akaanza kupiga kelele vijana watoke majini. Wengine walitoka, wengine ndo kwanza wanakimbilia kuokota samaki, na waliokuwa mbali ndani wakavutwa. Mtoto wa jirani yangu alikuwa mmojawapo, kijana wa miaka kumi na tano, ile tyubu yake ilirudi peke yake.

Tanzania tulipoteza watu kama kumi hivi siku ile, wengi walikuwa wanaogelea tu. Kwa dunia ni namba ndogo, najua, lakini msiba wake mi nilikaa.

Na pale msibani, Mhariri, mtu mzima mmoja anayeheshimika, sitamtaja, alisema kwa sauti ya kusikika mpaka walipokaa wanawake kwamba watoto wa siku hizi badala ya kukaa nyumbani na wazazi wanakwenda kucheza ufukweni nusu uchi, bahari imewachoka, hii ni adhabu. Mama wa marehemu alikuwa kwenye mkeka kanyoosha miguu, mi nimekaa pembeni yake nimemshika mkono. Hakulia wala hakujibu. Alivuta kanga akajifunika uso, na mkono wake ukawa wa baridi kabisa, nausikia mpaka leo. Zilipita wiki kadhaa ndo akaniuliza, dada yangu, hivi kweli mwanangu alikuwa na dhambi kuliko wale waliotoka? Nikakosa la kumjibu. Na hao wanaotuma hizo meseji leo ningependa waniambie na wao wangemjibu nini.

Maana tukienda kwa hesabu ya dhambi hebu tuangalie basi waliokufa siku ile ni kina nani. Tetemeko lililoleta tsunami ile lilitokea karibu na kisiwa cha Sumatra, Indonesia, la ukubwa wa 9.1, na waliopigwa kuliko wote ni watu wa Aceh hukohuko Sumatra, watu wanaosifika kwa dini mpaka mkoa wao unaitwa Baraza ya Makka, manake zamani mahujaji walikuwa wanapandia meli hapo. Indonesia peke yake walikufa kama 170,000. Sri Lanka siku ile ilikuwa siku takatifu ya mwezi mpevu kwa Wabudha, treni iliyokuwa inapita kando ya bahari pale Peraliya ilibebwa na maji na watu zaidi ya elfu moja wakafia humo. India kule Velankanni walikufa mahujaji Wakristo waliokwenda kusali Krismasi. Na Hafun, Somalia, kijiji cha wavuvi kwenye ulimi wa ardhi ulioingia baharini, nyumba na mashua zikafagiliwa, Somalia nzima wakafa kama 300, na hao hawakuwa na cha anasa hata kimoja. Jumla yote ni watu kama 230,000 kwenye nchi 14. Sasa dhambi gani hiyo ya pamoja ya Muislamu wa Aceh, Mbudha wa Sri Lanka, mvuvi wa Hafun na yule mtoto wa jirani yangu?

Mi sio mtu asiyemwamini Mungu. Namuomba asubuhi na jioni, na nikisikia ule msikiti mkubwa wa Baiturrahman pale Banda Aceh ulibaki umesimama na watu waliokimbilia humo wakapona namshukuru kabisa. Ninachokataa ni binadamu mwenzangu kujifanya kasoma daftari la Mungu, na kalisoma akiwa amekaa kwenye kochi na maiti wa watu bado hawajazikwa.

Na tusidhani ni sisi tu huku. Japani kwenyewe, siku tatu baada ya tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alitamka hadharani kwamba ile ni adhabu ya mbinguni kwa uchoyo wa Wajapani. Gavana! Watu karibu elfu 16 wamethibitishwa kufa na wengine zaidi ya 2,500 hawajaonekana mpaka leo, halafu mkubwa wa nchi anasema hivyo. Wananchi walimjia juu na kesho yake akaomba radhi. Angalau aliomba radhi, pale msibani kwetu hakuna aliyeomba.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hii habari ya adhabu inafunga mlango wa kuuliza. Ukishasema ni dhambi basi umemaliza, huna haja ya kujua yule mzee wa nyavu alijuaje kwamba vile sio kupwa. Mi ndo swali nililobaki nalo, na miaka ya hivi karibuni mjukuu akawa ananisomea kwenye simu, nikakuta kuna kisiwa kinaitwa Simeulue, kiko hukohuko Sumatra, karibu kabisa na tetemeko lenyewe, maji yaliwafikia baada ya dakika kama kumi tu. Watu karibu elfu 78 wanaishi pale. Walikufa saba. Saba, Mhariri! Na sio kwamba serikali iliwapigia king'ora, hapana, ni mabibi. Mwaka 1907 walipigwa na tsunami ikaua wengi, waliobaki wakaiita smong, wakawa wanawahadithia watoto na kuwaimbia nyimbo za kulala kwamba ardhi ikitikisika sana na bahari ikarudi nyuma usiokote samaki, kimbilia mlimani. Karibu miaka 100 wanaimba hivyo tu. Siku ilipofika wakapiga kelele smong smong na kisiwa kizima kikapanda juu. Niliposomewa hapo nililia kweli, nikawaza mi na mama yule tulikuwa na nyimbo ngapi za kubembelezea watoto na hakuna hata moja iliyosema maji yakikimbia na wewe kimbia.

Japani pia ni vilevile, kuna mji unaitwa Kamaishi, watoto wa shule walifundishwa msisubiri mtu, kila mmoja akimbie. Siku ile ya 2011 wanafunzi wa sekondari walitoka mbio, wale wa shule ya msingi ya jirani wakawaona wakawafuata, wakafika mahali palipotengwa wakaona bado hapafai wakapanda tena juu zaidi wakiwashika wadogo mikono. Wanafunzi wa mji ule karibu 3,000, karibu wote walipona. Lakini shule nyingine, Okawa, watoto walikaa uwanjani karibu dakika 50 wakubwa wanajadiliana waende wapi, wakafa watoto 74 na walimu 10. Nchi moja, siku moja, tsunami ileile. Waliopona sio kwamba walikuwa wema zaidi.

Sasa huku kwetu kuna tofauti moja ambayo naomba ndugu zangu wa pwani waielewe vizuri sana. Tetemeko likitokea Sumatra sisi hatulisikii, tuko mbali mno. Lile la 2004 lilipiga karibu saa kumi alfajiri kwa saa za huku, mi nilikuwa bado nimelala, na maji yamefika mchana, kwenye saa saba hivi. Muda wa saa tisa nzima mawimbi yako njiani yanakuja na mi nimeamka nimeoga nimemenya mihogo nimewasha mkaa! Wenzetu Kenya waliona habari kwenye TV na redio, polisi wakawatoa watu kwenye fukwe mapema, akafa mtu mmoja. Mmoja ni mtu, Mungu amrehemu, lakini mmoja. Kwa hiyo sisi tuna onyo la aina mbili tu, bahari yenyewe ikianza kujaa na kupwa kinyume na saa zake, na taarifa. Na taarifa leo inapita wapi? Humuhumu kwenye simu, kwenye hayahaya magrupu tuliyoyajaza klipu za zamani na mahubiri ya kuwasuta wafu. Siku ikija meseji ya kweli nani ataitofautisha?

Na wale wanaocheka onyo likitolewa halafu maji yasije, nao naomba waache. Aprili 2012 kulikuwa na tetemeko la 8.6 hukohuko Sumatra, tahadhari ikatolewa Bahari ya Hindi nzima, mawimbi makubwa hayakuja manake ardhi ya chini ya bahari ilisogea kwa upande badala ya kunyanyuka. Julai 2025 ile ya Kamchatka, Urusi, ya 8.8, Japani waliwaambia watu karibu milioni mbili waondoke kwenye mwambao na maji yalikuja madogo tu kwao. Nilisoma komenti huku, eti wametishia watu bure. Mi ningetoa banda langu na kila kilichomo ili mtu anitishie bure ile asubuhi.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Toa hata robo ukurasa, kwa maandishi makubwa, iseme bahari ikijaa au ikipwa ghafla nje ya saa zake toka majini na panda mahali pa juu, usiokote samaki, usirudi kuchukua simu wala viatu, na wimbi la kwanza likiondoka usishuke kwanza kwa sababu yanakuja mengi na la pili au la tatu linaweza kuwa kubwa kuliko la kwanza. Waulize watu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wakuongezee yaliyopungua, wao ndo wenye kazi hiyo. Na wasomaji wako, mkiona picha ya maiti wa tsunami popote duniani msiisambaze, ana mama.

Kama utaitoa, naomba itoke wiki ya Krismasi maana ndo fukwe zinajaa. Mi nitaikata niibandike kwenye nguzo ya banda, upande ule wanaokodishia watoto tyubu, na wasiojua kusoma nitawasomea mwenyewe.

Muuza mihogo wa ufukweni,
Dar es Salaam