Barua kwa Mwanangu Anayeanza Kufundisha Udereva

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mama yako hajambo, na huku Ngamiani sote wazima. Dada yako ameniambia umepata kazi kwenye shule ya udereva, na mwezi ujao unaanza kupanda na wanafunzi gari la L. Nimefurahi mno, Mungu akubariki. Kuna jambo moja tu nakuomba ulishike kabla hujamkabidhi mtu usukani, nalo ni kipilefti, ule mzunguko wa kwenye makutano ya barabara.

Wengi hukaririshwa "mpishe wa kulia", wakajibu vizuri kwenye mtihani, kisha barabarani wanaingia kwa ubabe. Wewe waeleze sababu. Sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo magari huzunguka kufuata mshale wa saa, na aliye ndani hukutokea kuliani. Akiingiliwa kabla hajatoka, duara linajaa, walio ndani wanakosa pa kutokea, na kila mtu amekwama. Uingereza walihangaika na foleni za namna hiyo mpaka mwaka 1966, ilipowekwa sheria kwamba anayeingia ndiye anayengoja. Mwanafunzi akilielewa hilo, atangoja hata pasipo na trafiki.

Kwenye njia panda ya barabara nne, njia za magari hukutana, kukatana au kuachana mahali 32. Kwenye kipilefti cha leni moja ni 8 tu. Tena wakigongana huwa ni kwa ubavu na mwendo mdogo. Anayeingia bila kukanyaga breki anaitupa faida yote hiyo.

Indiketa usiwasamehe kabisa. Wa kushoto aonyeshe kushoto tangu anakaribia. Wa kulia aonyeshe kulia, ashike leni ya ndani, na akishapita njia iliyo kabla ya yake abadilishe, aonyeshe kushoto. Anayenyoosha aingie bila kuonyesha, ila kutoka lazima aonyeshe kushoto. Tangu niache lori natembea kwa baiskeli, na unajua Tanga yetu ilivyo na baiskeli, mwanangu. Nikiwa nangoja pembeni, taa ile ndiyo inayoniambia kama gari linatoka au linaendelea kuzunguka. Dereva asipoiwasha, gurudumu langu ndilo linalokutana na bampa yake.

Waambie pia habari za malori ya saruji yanayotoka Pongwe. Tela likikata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati ya mbele, hukatia kwa ndani. Nimeliendesha miaka mingi, najua upande ambao bodaboda hupotea kabisa kwenye kioo. Mwanafunzi asijipenyeze ubavuni mwa tela, akae nyuma mpaka limalize.

Siku ya kwanza usiwape gari. Nenda nao kwa miguu asubuhi ya siku ya kazi, daladala na bajaji zikiwa zimechanganya, msimame mahali salama, umwulize kila mmoja: yule anatokea wapi, na umejuaje? Wakishaweza kuyasoma magari kwa macho, ndipo uwarudishe Jumapili mapema barabara ikiwa nyeupe, wazunguke mpaka wazoee. Na yule ambaye bado hampishi mtu kwenye kivuko cha pundamilia anapotoka, usimpeleke kwenye mtihani, hata kama amelipa ada yote na anakusumbua kila siku.

Baba yako