Hibachi Uliyoniagiza

Kanazawa, Novemba 9

Ndugu yangu Salum,

Salaam nyingi. Shemeji hajambo? Watoto je? Sisi huku wazima, ila baridi imeanza kuuma na hali ya hewa ya mkoa huu wa Ishikawa unaijua kwa masimulizi yangu: asubuhi jua, mchana mvua ya mawe.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nikununulie hibachi "ya Kijapani kwelikweli", mdogo wangu akija Columbus mwezi ujao aje nayo, uchomee mishkaki sebuleni theluji ikianguka, maana umesikia Wajapani huiweka ndani. Nilicheka mpaka nikafika hapo kwenye sebule. Hapo kicheko kikakata.

Nikiingia duka la vitu vya kale hapa mjini nikaomba hibachi, nitaoneshwa chungu. Kikubwa, cha kaure au udongo, mara nyingi kina michoro ya buluu, na ndani kinajazwa majivu. Hakina wavu wala tundu la upepo. Kwa Kijapani hi ni moto, hachi ni bakuli au chungu, hata chungu cha maua huitwa hivyo, na maneno hayo yakiungana ile h hugeuka b. Kazi yake ni watu kuota moto. Wakubwa walikuwa nacho majumbani mwao tangu enzi za Heian, zaidi ya miaka 800 iliyopita. Baadaye kikashuka kwa watu wa kawaida, mpaka majiko ya mafuta ya taa na ya umeme yalipokiondoa sebuleni baada ya Vita Kuu ya Pili.

Mama mwenye nyumba wetu anacho, alirithi kwa mama mkwe wake, na siku akipata mgeni wa heshima hukiwasha. Hushika vijiti viwili virefu vya chuma, akapanga vipande vitatu vya mkaa uliokwisha kukolea katikati ya majivu. Juu yake husimamisha kigoda cha chuma ambacho miguu yake imezama majivuni, kisha birika zito la chuma. Halafu huchukua kitana cha shaba akachana majivu yaliyobaki, mistari myembamba kuzunguka moto, taratibu, kama hana jambo jingine duniani. Majivu ndiyo yanayoendesha kila kitu hapo: hewa inapenya kidogo kidogo, kaa linakaa saa nyingi. Usiku ukiingia, kaa hufukiwa na asubuhi hufukuliwa likiwa bado na moto. Atakubali kukubabulia kipande cha mochi, yaani donge la mchele wa kunata, au ngisi mkavu. Lakini umdondoshee mafuta ya mishkaki kwenye majivu yale, utatafuta pa kulala. Jirani yake, kwa upande wake, amegeuza hibachi ya kwao kuwa nyumba ya visamaki.

Sasa hiyo ya kwenu Marekani ni habari nyingine. Kule jina lilikwenda kukaa kwenye jiko dogo la chuma la kuchomea nyama, lenye wavu juu, lile uliloliona kwenye picha. Kisha likahamia mahotelini, ambako mpishi anarusha mayai mbele yenu na kuwasha vitunguu kama volkano. Upishi ule wenyewe huku unaitwa teppanyaki, yaani kuchoma juu ya bamba la chuma, na mkaa haumo kabisa. Mgahawa wa Misono wa Kobe ndio unaojulikana kwa kuuanzisha mwaka 1945, na Mjapani Rocky Aoki akaupeleka New York mwaka 1964 alipofungua mgahawa wa Benihana. Kwa hiyo ukiwa Ohio, sema hibachi bila wasiwasi, watu watakuelewa. Ukimwagiza mtu aliyeko Japani ndipo neno linakuponza.

Kitu unachokitafuta wewe kinaitwa shichirin. Ni jiko la mkaa hasa: pana juu, jembamba chini, lina kijimlango cha kuongeza na kupunguza upepo, ungedhani ni ndugu wa majiko yetu ya udongo ya nyumbani. Wenyeji husimulia kwamba jina linatokana na mkaa wa rin saba, vijisenti vya zamani, kwamba ulitosha kupikia; shichi ni saba. Mazuri yanatoka Suzu, ncha ya rasi ya Noto, kaskazini mwa hapa nilipo. Udongo wake umetokana na mabaki ya viumbe wadogo mno wa baharini, ni mwepesi na una matundu yasiyoonekana kwa macho, kwa hiyo unashika joto ndani huku nje pakipoa. Wapo mafundi wanaoukata mgodini kwa bonge zima na kulichonga likawa jiko, bila kuufinyanga. Tetemeko la Januari 1, 2024 liliwaumiza sana watu wa Suzu, tanuri na karakana zikavunjika, ndiyo maana ningependa pesa yako ielekee huko.

Likifika, usilioshe. Usilizime kwa maji pia, litapasuka. Makaa yatoe kwa koleo, yatie kwenye chungu cha chuma chenye mfuniko. Yakikosa hewa yatazima yenyewe na kesho utayatumia tena. Mkaa mgumu uitwao binchotan, wa mkoa wa Wakayama, ukigonganisha vipande viwili unalia kama chuma. Unawaka muda mrefu bila moshi wa maana, lakini ukiuharakisha kwenye moto mkali unaruka vipande, kwa hiyo upashe polepole.

Na sebuleni, hapana. Nyumba zilizokuwa na hibachi zilikuwa za mbao na milango ya karatasi, upepo unaingia kila upande, na hata hivyo watu waliumwa vichwa na wengine wakafa. Wewe unaishi kwenye fleti yenye madirisha ya vioo viwili yaliyozibwa kwa mpira. Kaboni monoksaidi haina harufu, haina rangi, na mkaa usiotoa moshi unaitoa vilevile. Chomea nje, mahali pa wazi, na kwanza muulize mwenye nyumba kama kuchomea barazani kunaruhusiwa, maana nasikia wengi huko hawataki.

Sasa uchague shichirin lako. Kuna la duara, linafaa samaki na sufuria ya mchuzi. Kuna la mstatili, refu na jembamba, ambalo mishkaki inalala kutoka ukingo hadi ukingo bila wavu, nyama ikining'inia juu ya makaa. Kwa ninavyokujua ningekununulia hilo refu, ila shemeji naye anajua kitakachopikwa. Muulize, unijibu kabla ya Jumapili, kwa sababu mdogo wangu ameshaanza kupima mizigo na ameniambia zaidi ya kilo nne habebi.

Nduguyo,
Yusufu