Neno "madoadoa" limefika Gredi ya Tano

Mhariri,

Mjukuu wangu yuko Gredi ya Tano katika shule moja hapa Nakuru. Wiki mbili zilizopita alirudi nyumbani, akatupa begi kwenye kiti, hata chai hakuomba. Akaniuliza, "Nyanya, doadoa ni mtu?" Nikamwambia doadoa ni alama, kama zile za chui. Akasema, "Mbona basi nimeambiwa sisi ndio madoadoa, turudi kwetu?"

Huku kwetu neno hilo ni tusi kwa mtu anayeonekana kuwa mgeni kwa sababu ya kabila lake. Lakini kwao ni hapa. Amezaliwa hapa, na mamake alizaliwa hapa.

Walikuwa wakigawana timu za mpira wakati wa mapumziko. Mwalimu wa zamu alilisikia neno hilo. Akawaadhibu wote wawili, aliyetukana na aliyetukanwa, waokote takataka uwanjani, kisha akawaamuru washikane mikono. Kengele ikalia, wakarudi darasani. Kwa mwalimu, yalikuwa yamekwisha.

Nilifundisha Kiswahili katika shule za msingi kwa miaka 29, na siwezi kumnyoshea mwalimu huyo kidole kana kwamba mimi sikuwahi kushindwa. Tulikuwa na msichana wa familia ya wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Alasiri moja ya mvua stima zilipotea, darasa likawa giza. Mwalimu mwenzangu aliyekuwa akipita mlangoni akamwambia, "Wewe, hebu tabasamu tukuone." Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilikuwa mbele ya ubao, chaki mkononi. Sikucheka, lakini pia sikusema neno, na mtoto yule alinitazama akisubiri niseme. Kabla ya siku hiyo alikuwa mwepesi wa kujibu. Baada yake hakuinua mkono tena katika somo langu hadi muhula ukaisha. Macho yale ninayo mpaka leo.

Ndiyo maana naandika. Mtaala wa umilisi unataja maadili manane: upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Mengi ya madarasa yetu yameyabandika ukutani kwa karatasi za rangi. Lakini neno la chuki linapotamkwa, mwalimu huwa na kama dakika moja tu kabla watoto hawajaamua wenyewe kama neno hilo linaruhusiwa. Dakika hiyo mimi sikufundishwa chuoni niitumie vipi, na walimu vijana ninaozungumza nao wananiambia wao pia hawakufundishwa.

Wazee wa mji huu wanaikumbuka Nakuru iliyokuwa kitovu cha mashamba ya walowezi, wakati mtoto wa Mzungu, wa Mhindi na wa Mwafrika kila mmoja alikuwa na shule yake. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilitaka elimu ijenge umoja wa taifa, na milango ikafunguliwa. Tukadhani kuketi chumba kimoja kunatosha.

Halafu ikaja 2008. Mwishoni mwa Januari, katika ghasia za baada ya uchaguzi, Nakuru iliwaka moto, na familia zikajaa Uwanja wa Maonyesho na uwanja wa michezo wa Afraha. Tume ya Waki, iliyozichunguza ghasia hizo, ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchini katika ghasia zile. Darasani kwangu madawati kadhaa yalibaki matupu, kisha yakajazwa na watoto waliokimbia kutoka Molo na kwingineko. Nakumbuka wavulana wawili, wa jamii mbili zilizokuwa zikichomeana nyumba, waliowekwa dawati moja kwa sababu nafasi nyingine haikuwepo. Siku ya kwanza mmoja alichora mstari wa chaki katikati ya dawati. Kila asubuhi aliuchora upya. Sikuufuta. Lakini vitabu vya serikali havikutosha kila mtoto, ikabidi wasome wawili wawili kwenye kitabu kimoja, na kitabu hakina pa kukaa isipokuwa juu ya ule mstari. Ili kusoma, ilibidi wasogeleane na wangojane kufunua ukurasa. Baada ya Pasaka sikuuona tena mstari wenyewe. Sidai walipendana. Walizoea kupumua pamoja.

Kipindi kimoja mwaka huohuo mwanafunzi alimwita mwenzake kwekwe. Safari hiyo sikunyamaza. Niliandika neno hilo ubaoni, nikawauliza ni mmea gani. Wakaanza kutaja majani ya kila aina. Nikawauliza kiazi kikiota katikati ya ngano mkulima atakiita nani. Wakanyamaza, kisha msichana mmoja akasema, "Kwekwe, mwalimu, lakini bado ni kiazi." Tukaendelea: ni nani mwenye shamba, na nani alimpa mtu mmoja ruhusa ya kumwita mwenzake mmea wa kung'olewa? Ilikuwa dakika 35 za somo la msamiati, na hakuna aliyeadhibiwa.

Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyaweka maneno hayo mawili, madoadoa na kwekwe, katika orodha ya lugha ya chuki. Orodha ile ilisomwa kwenye habari, wanasiasa wakaonywa. Sijui shule hata moja katika mtaa wetu ambako mwalimu aliketi na watoto wakaisoma, ilhali ni Kiswahili, ni kazi ya somo letu hasa. Neno "madoadoa" limetumika Bonde la Ufa kufukuza watu tangu mapigano ya miaka ya 1990. Mtoto wa miaka kumi hakulibuni. Amelisikia mezani, au kwenye matatu, au kwa mtu anayemheshimu.

Na tusiwasahau walimu wenyewe. Nimekaa katika vyumba vya walimu ambako chai ikimiminwa tu watu hujigawa kwa lugha ya mama, kona hii hawa, kona ile wale, na anayeingia kutoka jamii ndogo hana kona. Mtoto anayetumwa kuleta daftari mlangoni huyaona hayo yote. Lugha za mama nazipenda, na nyumbani tunazizungumza. Ila ndani ya chumba cha walimu wa mji kama huu, Kiswahili ndicho kiti ambacho kila mtu anaweza kukalia.

Ninachoomba si somo jipya. Watoto wameshabebeshwa vitabu vya kutosha. Naomba vyuo vya ualimu na maafisa wa elimu wa kaunti wampe kila mwalimu mazoezi ya ile dakika moja: aseme nini neno linapotoka, ampe nani nafasi ya kuongea kwanza, amrudie vipi aliyeumizwa baada ya darasa, na aitwe nani kutoka nyumbani. Yafanyike kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, maana kampeni zikianza maneno haya huongezeka, na watoto huyabeba shuleni pamoja na chakula chao cha mchana.

Jumatatu nitakwenda kumwona mwalimu wa darasa la mjukuu wangu. Sitakwenda kugombana, wala sitaki yule mtoto mwingine aadhibiwe tena. Nitaomba aitwe, aketi nasi, aulizwe kwa upole neno lile alilisikia wapi.

Mwalimu mstaafu,
Bondeni, Nakuru