Da Zuwena, boti siuzi

Gillingham, Kent
Jumapili, 28 Machi 2021

Da Zuwena,

Assalaam alaykum warahmatullah. Nimeandika kwa mkono, nikazipiga picha kurasa, nikakutumia wewe peke yako. Grupu la ukoo nimelizima sauti tangu Jumatano, na unajua kwa nini. Bi Mkubwa msomee, ila pale nitakapoandika "ruka", ruka, usimsomee.

Mie mzima, alhamdulillah. Usiku wa kuamkia leo wamesogeza saa mbele kama kawaida yao, kwa hiyo sasa tunapishana saa mbili, si tatu. Sindano ya kwanza ya korona nimeshapigwa tangu Januari, sisi tunaofanya kazi nyumba za wazee tulitangulizwa. Mwambie mama mkono uliniuma siku mbili tu na mkia sijaota.

Poleni na misiba. Tarehe 17 Februari Maalim Seif, tarehe 17 Machi Rais Magufuli. Siku ya Maalim nilikuwa zamu. Niliingia chumba cha mashuka nikafunga mlango. Siku mama Samia alipokula kiapo nikawaringia Waingereza hapa kazini mpaka wakanichoka: mwanamke wa Kiunguja, rais wa nchi nzima! Mmoja akaniuliza kama ni jamaa yangu. Nikamwambia ndiyo, kwa upande wa bahari.

Haya, tuje kwenye neno lenyewe. Kaka Hamad ameandika mbele ya watu 43, na Ami Juma mmoja wao: "Mwenye boti ya starehe Uingereza anashindwaje na milioni mbili za harusi ya Asma?" Hazikupita dakika kumi, Ami naye: "Uza boti, ujenge kwenu." Chini yake vidole gumba kama uyoga wa masika. Hata mtoto wa Bi Salama, ambaye ada ya skuli nilimlipia mie, naye kidole gumba.

Boti siuzi. Mjumbe ni wewe, wafikishie hivyo hivyo.

Hiyo picha waliyoiona ndiyo inayotuponza. Nimesimama kwenye usukani, miwani ya jua, tanga jeupe nyuma, unaweza kudhani nina kisiwa. Basi sikiliza. Nimeinunua Oktoba 2019 kwa paundi 2,800, milioni nane na kitu za kwetu wakati ule. Kijana gani kwetu Mkokotoni ananunua bodaboda mbili tatu akaitwa tajiri? Ni Westerly Centaur, futi 26, imeundwa miaka ya sabini, inanikaribia umri. Mashine inakohoa kama mzee Faki. Ndani nasimama nimeinamisha kichwa. Hata gati la maana sina. Nimepanga sehemu ya matope, mto Medway, na maji yakipwa inakaa juu ya tope saa kadhaa kama nyati.

Lakini uzuri wake, Da Zuwena! Ina mikuku miwili chini ya tumbo, kushoto na kulia, kama miguu ya mtu. Maji yakiondoka inasimama wima peke yake. Haitaki magadi ya miti ubavuni, haitaki mtu wa kuiegemeza. Ningelikuwa na Baba siku moja tu nimwoneshe hilo. Angezunguka mara tatu, angeigonga ubavuni, halafu angesema, "Mbao zake ziko wapi?"

Nimeipa jina la Mwanakheri. Najua Bi Mkubwa alinuna aliposikia jina lake limewekwa nyuma. Mweleze kuwa huku jina huandikwa kwenye tezi, ndiyo heshima yake, anayepitwa ndiye anayelisoma.

Sasa hilo la pili, ambalo najua nyumbani halijaeleweka hata kidogo. Kaka Hamad aliniuliza mwaka jana: una chombo chako, una ufunguo wako, nani anakukataza kupanda? Kaka, serikali. Nyinyi huko mlisali Ijumaa bega kwa bega, mkajifukiza nyungu, kazi zikaendelea. Huku tarehe 23 Machi 2020 Waziri Mkuu alikaa kwenye televisheni akasema kila mtu abaki kwake. Kutoka ni kwa chakula, dawa, kazi isiyofanyika nyumbani, na mazoezi mara moja kwa siku. Boti haikuwamo. Wakati huo Mwanakheri ipo nchi kavu, upande wa kushoto nimeshaupaka rangi ya chini, wa kulia bado. Ikabaki hivyo hivyo siku 51, nusu nyekundu, nusu kijivu.

Katikati ya siku hizo ikaingia Ramadhani. Misikiti imefungwa, tarawehe nasali chumbani. Mto uko maili mbili kutoka ninapokaa, basi mazoezi yangu ya siku yakawa kutembea hadi kwenye tuta, kumtazama Mwanakheri kupitia waya wa uzio, na kurudi. Kama mtu aliyeposa akaambiwa asubiri eda iishe.

Tarehe 13 Mei wakaruhusu kutoka mchana na kurudi. Kulala ndani ya boti, tulisubiri mpaka tarehe 4 Julai. Novemba tarehe 5 wakafunga tena, Disemba 2 wakafungua, Disemba 20 wakatufunga sisi wa huku hata kabla ya wenzetu wengi, maana kirusi kipya kilizukia mkoani kwetu na dunia nzima ikakiita kirusi cha Kent. Fikiria, miaka kumi na sita nakaa mahali ambapo hakuna mtu kwetu amepasikia, siku panapojulikana panajulikana kwa hilo. Januari wakafunga nchi yote. Nimehesabu: miezi kumi na saba ninayo boti, siku nilizotweka tanga ni 23. Kodi ya matope nimelipa yote, paundi 840 kwa mwaka. Niliwaandikia wenye gati kuwa hamkuniruhusu hata kukanyaga, mnipunguzie kidogo. Wakajibu kwa adabu nyingi sana kwamba hapana.

(Ruka hapa.)

Januari, wiki moja ambayo kazini haikuwa nzuri, sitaki kuiandika. Nilitoka zamu ya usiku sikuweza kurudi nyumba ile ya wanaume watano na televisheni. Nikatembea hadi mtoni, maji yamepwa, nikapita topeni na buti, nikapanda, nikajifunika tanga la akiba nikalala. Nimelala mchana kutwa. Nilipofumbua macho giza limeshaingia na tochi iko usoni. Mlinzi. "Nani kakuruhusu kuingia boti ya watu?" Nikasema yangu. Akaniambia nitaje jina la boti. Nikataja. Akaenda nyuma akasoma, akarudi akaniambia nilitaje tena, taratibu. Nikamwonesha ufunguo, nikamwonesha karatasi ya bima kwenye simu. Hapo akaanza kuniita bwana, akasema hata ikiwa yako, bwana, kulala marufuku. Alisema kweli, sheria ilikuwa hivyo. Lakini tochi yake ilinifuata mgongoni mpaka getini.

Siku hiyo nilikukosa wewe hasa, na uji wako wa pilipili manga.

(Endelea.)

Msomee mama hili, na ulisome kwa sauti Ami Juma akiwepo. Wakati wa kufungiwa nilisoma masomo ya unahodha kwenye kompyuta, na kiangazi nikafanya mtihani majini. Cheti ninacho, cha chama cha wenye vyombo vya matanga vya nchi hii, Royal Yachting Association, na picha yangu nimevaa kofia ya Baba. Mwalimu mzee wa Kiingereza alitumia nusu saa kunieleza namna ya kwenda dhidi ya upepo, mara huku, mara kule. Nikamwacha amalize. Kisha nikapiga bisha mara nne mfululizo kwenye mkondo mwembamba bila kugusa tope, akanyamaza. Akaniuliza nilianza nikiwa na umri gani. Nikamwambia miaka saba, na aliyenifundisha hakujua kuandika jina lake.

Agosti tulitoka Gillingham hadi Queenborough, tukapita ngome mbili za zamani zilizo kwenye visiwa vya matope, moja Hoo, moja Darnet. Maji ya huku kwenye bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 5, ukikosea saa unakaa mpaka yarudi. Sikukosea. Kule kwenye mdomo wa mto kuna meli ya Wamarekani iliyopwelewa mwaka 1944 na shehena ya mabomu. Mabomu kiasi cha tani 1,400 yamo hadi leo, na milingoti yake inatokeza juu ya maji. Kuikaribia ni marufuku. Waingereza wanapita mbali wakinywa chai. Mie nilisoma Ayatul Kursiy. Na hapo Chatham, jirani tu, ndipo ilipoundwa ile meli ya vita ya Nelson, jemadari wao wa baharini, Victory, ikashushwa majini 1765. Sasa mtoto wa Mkokotoni anapita hapo na chombo chake, jina la mamake nyuma. Ami Juma na vidole gumba vyake alipite hilo.

Basi usiku ule Queenborough sikulala. Upepo ukipiga kamba kwenye mlingoti, ni sauti ileile ya Subira, mashua ya Baba, ikiwa imefunga pale pwani. Ndipo nilipotaka kumpigia Kaka Hamad, nikakumbuka Subira hatunayo.

Hapa nimeliweka neno muda mrefu, sasa nalitoa. Kaka Hamad aliiuza mashua ya Baba Juni mwaka jana, milioni tatu na nusu pamoja na mashine, na mie nikaambiwa imeshafika Nungwi. Fungu langu sikulitaka, nilitaka kuulizwa. Mwezi uliopita mtu kanitumia picha kutoka kwenye mtandao: machweo, Warusi wamekaa kwenye matakia meupe, glasi mikononi. Nikakitambua kiraka cha mvule kwenye ubavu wa omo, kule mbele, pale ilipogonga mwamba wa Tumbatu na Baba akatupiga wote watatu, mwenye kosa na asiye na kosa. Wameipaka rangi nyeupe juu ya sifa, mafuta ya papa, ya miaka thelathini. Wanatoza dola kwa kichwa. Kaka aliuza wakati ndege za watalii ni za kuhesabu, na kabla mwaka haujaisha ndege zikawa zinatapika watalii. Hilo linaniuma kuliko maneno ya grupu.

Lakini wewe ulinisema kwenye simu, ukakata kabla sijajibu, basi nijibu leo. Ulisema: hoteli zilifungwa, nguru hana mnunuzi, watoto wanne wanataka kula, ulitaka amuulize nani? Ni kweli. Nimetazama risiti zangu. Aprili mpaka Juni nilituma mara moja, paundi 60. Na Machi hiyo hiyo, kabla ya kufungwa, nilikuwa nimenunua rangi ya chini ya boti kwa paundi 190. Ilikauka koponi. Wakati Kaka anahesabu pesa za Subira, kopo la rangi liko uvunguni mwa kitanda changu limekuwa jiwe.

Hilo msomee yeye. Faragha, si kwenye grupu.

Harusini siji, na mama asiniwekee nafasi. Kuanzia kesho mwenye kutoka Uingereza bila sababu waliyoikubali faini yake paundi 5,000. Tanzania tumo kwenye orodha nyekundu tangu Januari, anayerudi kutoka huko analala hotelini siku kumi kwa gharama yake, paundi 1,750. Nikija kula biriani ya Asma, sahani moja itanigharimu zaidi ya nusu ya bei ya boti, hata nauli na faini sijazihesabu.

Nimetuma paundi 450 jana, zitakuwa milioni 1 na laki 4. Laki sita zilizobaki, mwisho wa Aprili, inshaallah. Zipokee wewe, umpe mke wa Kaka mkononi mwake. Bati la jiko la mama lipo ndani ya hizo laki sita, msilisahau.

Na mie naomba kitu kimoja. Lile roda la mti la jarari, kapi ya kamba ya kutwekea tanga, alilochonga Baba mwenyewe, lilikuwa limefungwa juu ya mlingoti wa Subira. Sasa wanatweka kwa roda la chuma, nimeona kwenye picha. Yule wa Nungwi atakuwa amelitupa stoo, halimfai. Kaka Hamad aende akaliombe. Akidaiwa pesa, alipe, nitarudisha. Asitume kwa posta. Mwanawe Bi Salama ana rafiki anayefanya kazi kwenye meli, watajua njia. Kama ameshalichoma kuni, msiniambie mpaka baada ya Ramadhani.

Kesho wanatufungulia. Kutoka na kurudi tu, kulala tusubiri mpaka tarehe 12 Aprili. Mwezi umejaa, ni bamvua, maji yatanyanyua Mwanakheri baada ya adhuhuri. Bi Mkubwa awe karibu na simu saa tisa na nusu za alasiri, nitapiga video nikiwa majini. Avue miwani ya kusomea, mara ya mwisho alizungumza na mimi dakika tano akidhani ni Hamad.

Nduguyo,
Khamis

Rangi ya kulia na kushoto bado hazifanani. Ukiona kwenye video usiulize mbele ya mama.