Umeme wa Kigoma usingoje tena lori la dizeli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo nililoishi nalo karibu miaka yangu yote ya kazi, nalo ni nishati ya nchi yetu na nani hasa mwenye kauli juu yake. Nilikuwa fundi katika kituo kimojawapo cha kufua umeme kwa majenereta hapa mkoani Kigoma. Nimeshastaafu, lakini hadi leo umeme ukikatika usiku, jambo la kwanza linalonijia akilini ni tanki la mafuta.

Kwa miongo mingi mkoa wetu haukuwamo katika Gridi ya Taifa. Umeme wetu ulitokana na dizeli iliyoshushwa bandarini Dar es Salaam, ikasafirishwa kwa reli au kwa malori zaidi ya kilomita 1,200, ije kuchomwa ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Reli ilipokatwa na mafuriko kati ya Kilosa na Gulwe, balaa ambalo kila msafiri wa Reli ya Kati analijua, sisi huku mwisho wa reli tuliumia kuliko wote. Zamu ya usiku nilikuwa natumbukiza fimbo ya kupimia ndani ya tanki, naivuta, naisoma kwa tochi, naifuta kwa kitambaa, kisha naitumbukiza tena nikiomba iwe nimesoma vibaya. Alama ikishuka mno, tulianza kuchagua: laini ya hospitali ibaki, ya mtaa fulani izimwe, mashine za kusaga na za kukamua mawese zingoje hadi mafuta yafike. Chuoni nilifundishwa kuunga nyaya na kufungua injini, lakini sikufundishwa kuchagua ni watoto wa mtaa upi wasisome usiku ule.

Naomba wasomaji wafanye nami hesabu moja, kwa kuwa ndiyo kiini cha barua yangu. Jenereta ya dizeli iliyotunzwa vizuri hutoa uniti tatu na nusu hadi nne kwa kila lita. Mwaka 2022, vita vya Urusi na Ukraine vilipovuruga soko la mafuta duniani na lita ya dizeli ikavuka shilingi 3,000 nchini, uniti moja ya umeme wa dizeli ilikula mafuta ya takriban shilingi 800, kabla hujagusa vilainishi, vipuri, usafiri na mishahara. Uniti hiyo hiyo mteja mdogo wa nyumbani aliuziwa kwa shilingi 100, na mteja wa matumizi ya kawaida kwa shilingi 292 kabla ya kodi. Pengo hilo lilizibwa na Watanzania wote, wakiwemo wale ambao nguzo ya umeme haijawahi kufika kijijini kwao. Juni mwaka huo Serikali ililazimika kutoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 ili kupunguza makali ya bei ya mafuta, na sina lawama juu ya hilo, maana wananchi walikuwa wanaumia. Ila tukubali kwamba fedha ile iliteketea pamoja na mafuta yenyewe. Haikutuachia nguzo, wala mtambo, wala hata nati moja ya kuanzia kesho yake. Taifa ambalo bei ya taa zake hupangwa na vita vya watu wengine haliwezi kusema kwamba linajitegemea, neno tulilofundishwa tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 na ambalo kizazi changu hakikulichukulia kuwa la kupamba hotuba.

Kwa hiyo wilaya za mkoa huu zilipoanza kupokea umeme wa gridi kutoka Nyakanazi mwaka 2022, na majenereta yakaanza kuzimwa moja baada ya jingine, nilishukuru kwa moyo wote, ingawa yalikuwa ndiyo yaliyonilisha. Nilishukuru tena Februari 2024, mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji ilipoanza kufua umeme. Leo bwawa hilo lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, yaani megawati 2,115 kwa jumla, na gharama yake ya zaidi ya shilingi trilioni 6.5 ilibebwa na Serikali yetu. Walikuwepo waliosema haiwezekani. Imewezekana, kwa sababu Serikali ilikata shauri na ikatenga fedha mwaka hadi mwaka.

Nasikia sasa watu wanasema kwamba, kwa kuwa Rufiji imekamilika, kazi imekwisha. Hapo ndipo ninapotofautiana nao. Fundi yeyote wa umeme atakwambia kwamba umeme mwingi ukisafirishwa mbali kwa msongo mdogo, yaani kwa volti chache, hupotea njiani, na upotevu huo haukui pole pole: mkondo ukiongezeka mara mbili katika waya ule ule, upotevu unakuwa mara nne. Laini ya kilovoti 33, kama iliyotuletea gridi kutoka Nyakanazi, imekusudiwa kusambaza umeme ndani ya wilaya, na ukiilazimisha kuvuka mkoa mzima utapata kile ambacho wenye friji na mashine za kusaga huku wanakijua vizuri, taa kufifia jioni na mota kuungua. Tatizo hili si la Kigoma peke yake. Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa Serikali inakusudia kununua umeme kutoka Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya Kaskazini, na sababu iliyotolewa ni hasara ya kuusafirisha kutoka Rufiji hadi huko. Mimi sioni aibu majirani kuuziana umeme. Mtambo wa Rusumo wa megawati 80 katika Mto Kagera ni wetu pamoja na ndugu zetu wa Rwanda na Burundi, na ni jambo la heri. Lakini kununua kwa sababu umechagua soko zuri ni tofauti na kununua kwa sababu umeme wako mwenyewe haukufikii, na tofauti hiyo huondolewa na laini kubwa za kusafirisha umeme pamoja na mitambo iliyojengwa karibu na watumiaji.

Kwetu sisi, mtambo wa karibu jina lake ni Malagarasi. Mto huu ni mmojawapo wa mito mikubwa inayoingiza maji katika Ziwa Tanganyika, na maporomoko yake ya Igamba, wilayani Uvinza, yamezungumzwa tangu nikiwa kijana. Mwaka 2008 Marekani na Tanzania zilitia saini mkataba wa msaada wa dola milioni 698 chini ya mpango wa Changamoto za Milenia, na mtambo mdogo wa Igamba ulikuwamo. Baadaye ukaondolewa, kwa sababu iligundulika kwamba kuna samaki na konokono wa mto ule ambao wangeweza kupotea. Sababu hiyo naiheshimu. Uchungu wangu ni kwamba baada ya mfadhili kubadili mpango, hatukuwa na fungu letu wenyewe la kuchora mtambo mwingine usiodhuru viumbe wale, tukarudi kwenye dizeli. Mwaka 2020 ndipo Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipoidhinisha mkopo kwa mradi wa megawati 49.5. Miaka 12 ilipita, na kila usiku wa miaka hiyo kuna mtu alikuwa anatumbukiza fimbo ndani ya tanki.

Maji nayo si ya kutegemewa peke yake. Waliokuwepo mwaka 2006 na 2011 wanakumbuka mgawo wa umeme pale maji ya mabwawa kama Mtera yalipopungua mno, na wanakumbuka mitambo ya dharura ya kukodi iliyofuata, ambayo ilibidi ilipiwe hata ikisimama bila kufua kitu. Wanaosema nishati yote iachwe mikononi mwa wawekezaji binafsi nawaomba waanzie hapo. Mwekezaji halaumiwi kwa kutafuta faida yake, lakini hatajenga kwa hiari laini ya kwenda Kakonko au Kalya, kwa kuwa hesabu yake haimruhusu. Hesabu ya taifa inaruhusu. Huku magharibi, kati ya Juni na Septemba mvua haipo na mito inapungua, na ndiyo miezi ambayo jua letu halina wingu. Mitambo ya jua ingeweza kuupumzisha mto mchana ili maji yatumike jioni. Serikali imekwisha kuonyesha njia kule Kishapu, mkoani Shinyanga, kwa mtambo wa jua wa megawati 150 unaojengwa kwa awamu. Sioni kwa nini mkoa huu na Tabora isiwe zamu inayofuata.

Najua nitaulizwa: paneli na betri si zinatoka ng'ambo vilevile? Ndiyo, zinatoka ng'ambo. Lakini paneli ikishalipiwa hufanya kazi zaidi ya miaka 20, na lita ya dizeli haifiki hata saa moja. Wavuvi wetu wameelewa hilo bila semina. Shuka mwalo wa Kibirizi jioni, kabla mitumbwi haijaingia ziwani kuvua dagaa. Zamani pale palinuka mafuta ya taa, kila mtu akiijaza karabai yake huku akihesabu chupa alizokopa. Sasa utaona betri zimebebwa begani na taa zimefungwa kwenye miti ya mtumbwi, na betri hizo nyingi zimechajiwa kwa jua. Hawakungoja mtu. Kinachowashinda ni barafu: migebuka hulala mwaloni hadi wanalegea, kwa kuwa kugandisha barafu kunahitaji umeme mwingi, wa saa zote na wa bei inayovumilika, na huo mvuvi hawezi kujifulia mwenyewe.

Nimalizie na jambo ambalo wakubwa hulipita haraka. Miaka michache iliyopita niliitwa kuangalia sola ya zahanati moja vijijini. Paneli zilikuwa nzima juu ya bati, zimejaa vumbi tu. Betri zilikuwa zimevimba na kukauka, na friji ya chanjo ilikuwa imegeuzwa kabati la mafaili. Muuguzi aliniambia betri zilikufa miaka miwili kabla ya hapo, akaandika barua, akajibiwa kuwa hakuna kifungu cha bajeti. Mtambo wa mamilioni ulikuwa umelala kwa kukosa betri, wala hapakuwa na fundi karibu wa kuona mapema kwamba zinakufa.

Kwa hiyo nawaomba wabunge wetu wa Kigoma na Tabora, Bunge litakapojadili bajeti ya Wizara ya Nishati, waulize mambo haya kwa majina na kwa tarakimu: fedha iliyookolewa kwa kuzima majenereta ya mkoa huu imeelekezwa wapi, laini kubwa ya kutuunganisha itakamilika mwezi gani, vyuo vya ufundi stadi vya VETA vya mikoa hii vitafundisha mafundi wangapi wa sola kwa mwaka, na kifungu cha kubadilisha betri za zahanati ni kipi na kina shilingi ngapi.

Wako mtiifu,
Fundi mitambo mstaafu,
Mwanga, Kigoma